Matembezi ya Bagamoyo na mama mkwe: tulicholipia na tulichopata

Mama mkwe wangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Mwezi uliopita alikuja Dar kupimwa macho, akapewa tarehe ya kurudi kliniki baada ya wiki. Siku ya pili tu akaniambia hawezi kukaa sebuleni anaangalia tamthilia za Kituruki, nimpeleke Bagamoyo. Nikamtajia hoteli za ufukweni. "Mwanangu, bahari nimeshaiona Kawe. Nataka kuona kule mizigo ilikokuwa inatuliwa."

Ndivyo nilivyojikuta nalipia matembezi ya kuongozwa, mimi niliyekwenda Bagamoyo kwenye harusi mara kibao bila kuingia hata Ngome. Nilipanga kwa WhatsApp. Shilingi 40,000 kwa kila mtu: kiongozi, maji, chakula cha mchana, masaa manne ya kutembea. Viingilio, wakaandika, "tutaelewana hukohuko." Ukiiona sentensi hiyo, usitume hela kabla hujatajiwa kiasi. Sisi tulituma.

Tulipanda Coaster ya Makumbusho alfajiri, tukafika saa tatu kasoro kama tulivyoambiwa. Kiongozi alitokea saa nne na robo, juu ya bodaboda, jua limeshakuwa la kuchoma utosi. Akatoa pole na shikamoo ya haraka. Mama akaitikia, akamuuliza kabila lake. "Mzaramo, bibi." Mama akanigeukia: "Si nilikwambia? Mzaramo akikuahidi saa tatu, lete mkeka ulale." Yule kijana akacheka mpaka akashika magoti. Kwa wasiojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, watu wa bara walipokuwa wanashuka pwani kupitia Uzaramo. Kuanzia hapo "bibi" ikaisha, wakawa wanaitana mtani.

Tulianzia Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, na hapo ndipo nilipoanza kujuta. Kijana alisimama katikati ya ua, mikono nyuma, akaanza kumwaga hotuba: watumwa, minyororo, pembe za ndovu, Bagamoyo maana yake bwaga moyo, yaani waache mioyo yao hapa maana hawatarudi tena. Ilikuwa ya Kiswahili, lakini unasikia kabisa kwamba imetungwa kwa ajili ya mgeni aliyeshika kamera. Mama akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Mtani, na wapagazi?"

"Ndio hao hao watumwa, mtani."

"Babu wa babu yangu hakuwa mtumwa wa mtu. Alikuja kwa miguu yake, akalipwa nguo, akarudi kuoa."

Hapa nampa kijana alama zake. Hakubisha. Alikaa kwenye kibaraza, akafungua chupa ya maji, akasema, "Haya, tuanze upya." Kumbe anayajua vizuri, ila haulizwi. Akatueleza kwamba watumwa walipita hapa kweli, lakini njia hiyo hiyo ilipitwa na maelfu ya Wanyamwezi waliokuwa wapagazi wa kulipwa, kazi waliyoifanya kwa hiari na kwa sifa. Kijana ambaye hajafika pwani kwao alionekana bado mtoto. Mzigo ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, begani, miezi. Pembe zinashuka, vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba vinapanda. Wakishatua walipiga kambi kungojea mzigo wa kurudi nao. Kwa hao, bwaga moyo ni tua mzigo, poa roho, tumefika. Nikamuuliza kwa nini hakuanza na hiyo. Akasema ile ya kwanza wageni huilia machozi, na anayelia hutoa bahashishi.

Barabara ya India, yenye milango ya nakshi, tuliipita taratibu. Alipotaja jina la Sewa Haji nikasimama. Sewahaji ya Muhimbili? Nimemuuguza kaka yangu Sewahaji wiki tatu, nimelala kwenye korido yake, na sikuwahi kujiuliza Sewahaji ni nani. Alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Kihindi wa hapa Bagamoyo, aliyetajirika kwa kuipatia misafara ya Wazungu bidhaa na wapagazi. Alifariki 1897, akaacha mali ya kujengea hospitali Dar es Salaam. Mama alisikiliza yote, akafikiri kidogo. "Kwa hiyo ile hospitali ni mabega yetu. Na bado wamenidai hela ya kipimo."

Ngome Kongwe ni nzuri, ila hadithi ya handaki la kutokea baharini ichukueni kwa tahadhari. Niliomba kuliona, likawa limezibwa. Boma la Wajerumani, la 1897, tuliliangalia kwa nje. Kwenye jiwe la mahali Wajerumani walipowanyonga waliowapinga hatukuongea sana, hata utani ulinyamaza.

Kutoka mjini hadi misheni ni mwendo, na kwa mama wa miaka sitini na nane kwenye jua la saa sita ulikuwa kosa la wapangaji. Hakuna aliyetuuliza umri. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika 1868. Pale kwenye mnara wa kanisa lao ndipo mwili wa Livingstone, mpelelezi Mskoti, ulipolazwa, Februari 24, 1874, kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kijana alimweleza Livingstone kirefu. Mama akauliza swali lile lile la asubuhi, waliombeba ni akina nani? Basi ikaja habari ya watumishi wake Susi na Chuma na wenzao, waliomkausha maiti kwa chumvi na jua kule Chitambo, Zambia ya leo, wakatembea naye miezi. Njiani wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao, wakamfunga upya aonekane mtumba wa nguo. Walipita Unyanyembe, upande wa Tabora. "Kwetu!" mama akasema kwa sauti, mpaka sista mmoja akageuka.

Mbuyu wa misheni nao una kituko chake. Inasemekana mama mmoja wa Kifaransa aliufunga mnyororo wa punda wake mwaka 1895, akausahau, na mti ukaumeza. Sasa kimebaki kipande kimechomoza kwenye gome, hakizidi urefu wa kidole. Mama alikishika, akataka kujua punda aliishia wapi. Hilo halimo kwenye maelezo.

Chakula cha mchana tuliahidiwa samaki, tukaletewa chipsi na paja la kuku lililopoa. Tuliwaachia, tukashuka sokoni pwani, tukanunua changu wa kukaanga aliyetoka kwenye karai na ndimu, tukala tumesimama tukiangalia ngalawa. Viingilio vya sehemu tatu tulilipa sisi, na Kaole yenye magofu ya kale, ambayo picha zake ndizo walizotumia kwenye tangazo, haikuwemo. Ni kilomita kama tano kutoka mjini, bodaboda juu yako.

Ningerudi? Kwa kampuni ile, hapana. Kwa kijana yule, ndiyo, na nilichukua namba yake. Muulizeni maswali mapema, kabla hajashika kasi ya hotuba. Vaeni viatu vya kufunika, na mkiwa na mzee kodini bajaji ya kwenda misheni.

Kaole tutakwenda na kijana yule, mama akitoka kliniki. Saa moja asubuhi, nimemwambia. Yeye kadai faini ya utani, asali ya Tabora lita moja. Mama kasema ataleta nusu, nusu nyingine ataitoa saa moja na dakika moja akimwona amesimama kituoni.