Pamfleti ya viunganishi vya Kiingereza kwenye stesheneri za Mwanza: inunue, ila kagua nukta zake kwanza

Kwenye stesheneri za Mwanza mjini, na zile zinazohudumia wanachuo kule Nyegezi na Malimbe, inauzwa pamfleti nyembamba ya kurasa 40 iliyobanwa kwa pini mbili. Haina jina la mwandishi wala la mchapishaji, na ndani yake ni viunganishi vya Kiingereza tu, mwanzo hadi mwisho. Bei ni shilingi 3,000. Wanaoinunua zaidi ni wanafunzi wa kidato cha pili na cha nne wanaojiandaa na mitihani ya NECTA, pamoja na watu wanaoandika barua za kuomba kazi. Kwa bei hiyo ni ununuzi mzuri, kwa sababu inamfundisha mtu kulitafuta kosa kabla ya kumwonyesha sahihisho. Lakini ina kasoro ambazo usipozijua mapema utazibeba mpaka kwenye chumba cha mtihani.

Tuanze na kilicho bora. Vitabu vingi vya sarufi humpa mwanafunzi orodha ya viunganishi na maana zake, kisha vinamwacha abahatishe. Pamfleti hii inaanza na hesabu. Pigia mstari kila kitenzi kinachoonyesha wakati. Zungushia duara kila neno linalounga vishazi, yaani vipande vya sentensi ambavyo kila kimoja kina kitenzi chake. Halafu linganisha: viunganishi viwe pungufu ya vitenzi kwa kimoja. Vitenzi viwili, kiunganishi kimoja. Vitenzi vitatu, viunganishi viwili.

Chukua kosa linaloongoza madarasani: "Although the lake was rough, but the boat left." Vitenzi ni "was" na "left". Viunganishi ni "although" na "but". Viwili kwa viwili, kwa hiyo kimoja kimezidi. Ukitoa cha pili unapata "Although the lake was rough, the boat left." Ukitoa cha kwanza unapata "The lake was rough, but the boat left." Zote mbili ni sahihi, na mwanafunzi asilazimishwe kuchagua moja isipokuwa swali limemwelekeza. Chanzo cha kosa hili kinajulikana: sisi husema "ingawa ziwa lilichafuka, lakini boti iliondoka" na hakuna anayeshtuka. Hesabu hiyohiyo inalinasa "Because he was late, so he missed the ferry." Inanasa pia kosa la upande wa pili, pale kiunganishi kinapokosekana kabisa: "The nets were torn, they caught nothing." Vitenzi viwili, kiunganishi hakuna, katikati kuna mkato peke yake. Mkato hauna nguvu ya kuunga sentensi mbili kamili. Weka "so" baada ya mkato, au weka nukta na uanze sentensi mpya.

Njia hii inahitaji tahadhari ambazo pamfleti imezipitia juu juu, nazo ndizo zinazowakwamisha wanaojisomea wenyewe. Kitenzi kikuu na visaidizi vyake huhesabiwa kimoja, kwa hiyo "had been sold" ni kimoja, si vitatu. "And" inayounga majina mawili ya samaki haihesabiwi, maana haikuunga vishazi. "Who", "which" na "that" zinazorejelea mtu au kitu huhesabiwa kama viunganishi. Jozi kama "either" na "or" ni kiunganishi kimoja kilichogawanyika sehemu mbili. Halafu Kiingereza kina tabia ya kuificha "that": "I think he left" ina vitenzi viwili, kiunganishi hakionekani, na bado ni sahihi. Mwalimu au mzazi aziandike hizi kwa kalamu kwenye ukurasa wa kwanza, hazitachukua zaidi ya mistari mitano.

Sehemu ya pili inahusu makosa ya wakati baada ya "when", "until", "before" na "as soon as". Hapa aliyeiandika anaonekana kuwafahamu wanafunzi wetu vizuri. Kwa Kiswahili tunasema "nitasubiri mpaka basi litakapokuja", na ile -taka- ya wakati ujao imo ndani ya kitenzi chenyewe. Ndiyo maana mwanafunzi anaandika "I will wait until the bus will come" bila wasiwasi wowote. Kiingereza kinauweka wakati ujao upande mmoja tu: "I will wait until the bus comes." Mazoezi ya hapa ni kumi na mawili, yamepangwa kutoka rahisi kwenda gumu, na sentensi ya mwisho ina vishazi vitatu. Huu ndio mpangilio tungependa kuuona kwenye pamfleti nzima.

"Unless" imeelezwa vizuri pia. Kosa la kawaida ni "Unless you don't pay the fare, you will not board." Mtoto anafikiria "usipolipa nauli", ukanusho unabaki kichwani mwake, kisha anaongeza "unless" ambayo tayari inabeba ukanusho ndani yake. Sentensi sasa inadai kwamba atakayepanda ni yule asiyelipa. Kipimo chake ni kuibadilisha "unless" iwe "if ... not" na kuisoma upya, ukikuta vikanushi viwili vimekaa upande mmoja, futa kimoja. Sahihi ni "Unless you pay the fare, you will not board."

Kuna kosa jingine linalotapakaa kwenye barua na ripoti za hapa kwetu, nalo limepewa nusu ukurasa tu: "The sack was very heavy that he could not lift it." Linatoka kwenye "zito sana kiasi kwamba". "Very" haishikani na "that". Kabla ya sifa peke yake tumia "so": "The sack was so heavy that he could not lift it." Kama kuna nomino baada ya sifa, tumia "such": "It was such a heavy sack that he could not lift it." Ukitumia "too", muundo wote unabadilika na "it" ya mwisho inaondoka: "The sack was too heavy for him to lift." Wengi hupata "too" wakaisahau ile "it", na alama inapotea. Kosa linalotokea mara nyingi hivi lilistahili kurasa mbili. Badala yake nafasi imepewa "lest", ambayo mtu anaweza kumaliza mwaka mzima asiione nje ya mtihani.

"Despite" na "because of" zimewekwa pamoja, jambo la busara, kwa sababu ugonjwa wao ni mmoja. Zote hutaka nomino au kitenzi cha "-ing" mbele yao, hazitaki kishazi. "Despite he was sick" inarekebishwa kuwa "Despite being sick" au "Although he was sick". "Because of the wind was strong" inakuwa "because the wind was strong" au "because of the strong wind". Na "despite" haifuatwi na "of". Anayeipenda hiyo "of" aandike "in spite of".

Kwa watahiniwa wa kidato cha nne, sehemu itakayowalipa ni ya kuandika upya sentensi kwa maelekezo. "No sooner" imechambuliwa hatua kwa hatua: kisaidizi "had" kinatangulia mtenda, kitenzi kinakuwa katika umbo la tatu, na katikati inakaa "than". "No sooner had the ferry docked than the passengers got off." Sababu ya "than" ni kwamba "sooner" ni neno la ulinganishi, kama "bigger" au "faster". "Hardly" na "scarcely" si za ulinganishi, hivyo huchukua "when". Ukiielewa sababu hii huna haja ya kukariri. "Not only ... but also" imeelezwa vizuri vilevile: sehemu zote mbili zikae mbele ya vitu vya aina moja. "She not only sells tilapia but also Nile perch" imepinda, kwa kuwa ya kwanza imekaa mbele ya kitenzi na ya pili mbele ya nomino. Iandike "She sells not only tilapia but also Nile perch."

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote haikutokana na mwandishi, inatokana na mashine. Pamfleti hii inapigwa kopi kutoka kwenye kopi iliyopigwa kutoka kopi nyingine, na kila kizazi kinapoteza alama ndogo. Ukurasa wa 27 unafundisha "however", neno ambalo wengi hulitumia kama "but" wakati kazi yake ni tofauti. Huwezi kuandika "The price went up, however people kept buying." Panatakiwa nukta au nuktamkato kabla ya "however", na mkato baada yake: "The price went up; however, people kept buying." Kwenye kopi zilizofifia, kile kitone cha juu cha nuktamkato kimetoweka na umebaki mkia tu. Mwanafunzi anaona mkato. Yaani ukurasa uliotungwa kumkomesha na kosa unamwonyesha kosa hilohilo kama jibu sahihi, naye analikariri kwa uaminifu. Hili ni jambo zito. Kabla ya kutoa hela, fungua ukurasa wa 27, usogeze kwenye mwanga, utazame kama kitone kipo katika kila mfano. Kama hakipo, omba nakala nyingine au nenda stesheneri ya pili. Kopi za karibu na vyuo kwa kawaida ni safi zaidi ya zile za mitaani.

Kasoro ya pili ni kukosa aya za kuhariri. Mazoezi yote ni sentensi moja moja, na kila zoezi lina kiunganishi chake kichwani, kwa hiyo mwanafunzi anajua tayari anatafuta nini. Kwenye barua halisi hakuna anayekuambia kosa liko wapi. Dawa yake ni rahisi. Chukua insha yake ya wiki iliyopita, kama maneno 150, aipitie kwa hesabu ya vitenzi sentensi moja baada ya nyingine, akianzia ya mwisho kurudi ya kwanza. Kurudi nyuma kunamzuia kufuata hadithi akasahau sarufi. Dakika ishirini zinatosha, na zinamfaa kuliko kumaliza kurasa tano za mazoezi.

Pamfleti pia inakataza kabisa kuanza sentensi na "And", "But" au "Because". Hiyo si kanuni ya Kiingereza. Linalokatazwa ni kukiacha kishazi tegemezi kining'inie peke yake: "Because the dagaa were not dry." Msomaji anabaki akisubiri. Ukikamilisha, "Because the dagaa were not dry, nobody bought them", hakuna kosa lolote. Kwenye barua rasmi ni vema kutokuanza na "And" mara kwa mara, lakini kumkata mtoto alama kwa ajili hiyo ni kumwonea.

Mwisho kuna kurasa mbili za majibu, nazo zina makosa ya kusahihisha kwa kalamu kabla hujampa mtoto. Kwenye zoezi la "neither", jibu la saba linasema "Neither the fishermen nor the captain were hurt". Kitenzi hufuata mtenda aliye karibu, kwa hiyo iwe "was". Kwenye "as well as", jibu la tatu linasema "The teacher, as well as the students, were late". Hapa kitenzi humfuata wa kwanza, iwe "was". Jibu la kumi la "because" linakubali "The reason is because". Wasahihishaji wengi hulikataa, andika "The reason is that". Na pale kwenye "although" majibu yametoa sentensi moja tu kwa kila swali. Mtoto aliyeandika yenye "but" bila "although", kama swali halikumbana, mpe alama zake.