Uzoefu wangu na Dance Moms: nilichokiona chini ya piramidi

Kwa muda wa miezi mitano nimetazama misimu saba ya kwanza ya kipindi cha Dance Moms pamoja na nusu ya msimu wa nane, nikiwa na binti yangu mwenye umri wa miaka 11 ambaye hapitishi siku bila kucheza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro, na kwa miaka tisa nimekuwa nikisimamia kikundi cha ngoma cha shule yetu. Kwa hiyo nilikitazama kipindi hiki kwa jicho la mzazi, na pia kwa jicho la mtu ambaye naye hupanga watoto mstarini, huamua nani akae mbele na nani akae nyuma, kisha hulazimika kumtazama usoni yule aliyemrudisha nyuma. Nayaandika haya kwa ajili ya wazazi na walimu wanaojiuliza kama wawaache watoto wao wakitazame.

Kipindi kilianza kuonyeshwa na televisheni ya Lifetime ya Marekani mwezi Julai 2011. Kinafuatilia maisha halisi ya studio ya dansi ya mwalimu Abby Lee Miller iliyokuwa Penn Hills, karibu na jiji la Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania, na kikundi kidogo cha wasichana wanaosafiri na mama zao kwenda kwenye mashindano. Mpangilio wa wiki ni uleule karibu kila mara: piramidi, yaani picha za watoto zilizopangwa ukutani kwa daraja, kisha mazoezi huku mama zao wakitazama kutoka juu nyuma ya kioo, kisha safari, jukwaa, zawadi, na ugomvi unaoanzia popote katika mlolongo huo. Ukishatazama episodi nne umeshaujua mpangilio wote, na kama hukuvutiwa na watoto wenyewe kufikia hapo, hakuna kitakachokuvutia baadaye.

Piramidi ndiyo iliyonikosesha raha tangu siku ya kwanza. Mwanzoni mwa wiki wasichana husimama kwenye mstari mbele ya ukuta wenye picha zao zilizofunikwa kwa karatasi. Abby huzifunua moja baada ya nyingine akianzia chini, huku akieleza kwa sauti mbele ya wote kile ambacho kila mmoja alikosea wiki iliyopita, na mara nyingine akitaja kosa la mama badala ya kosa la mtoto. Katika msimu wa kwanza Mackenzie Ziegler, mdogo kuliko wenzake wa kundi la awali, ni mtoto ambaye hapa kwetu angekuwa darasa la kwanza, na yeye pia husimama pale kusubiri karatasi yake ivutwe. Akilia mtu, huambiwa machozi ayatunzie mto wake wa kulalia. Mimi nimewahi kuwakaripia watoto mazoezini, tena kwa ukali ambao sasa siufurahii, lakini sijawahi kuwapanga kwa daraja ukutani kila Jumatatu. Nilipokuwa nikiitazama piramidi nilijikuta nikihesabu moyoni ni watoto wangapi wa kikundi changu wangerudi mazoezini wiki ya tatu.

Hapo ndipo binti yangu alipouliza swali lililobadilisha namna tulivyokitazama kipindi kizima: "Mama, kwa nini yule dada anawekwa chini, halafu wiki inayofuata anarudi tena?" Alikuwa anamzungumzia Nia Sioux, msichana pekee mweusi katika kundi la awali. Kuanzia siku hiyo tuliacha kumfuatilia aliyeko kileleni, tukawa tunamtafuta Nia katika kila picha.

Ukikitazama hivyo, unakutana na kipindi tofauti kabisa. Kamera humpa Nia nafasi ndogo, lakini yeye yupo. Amesimama mwisho wa mstari, anasikiliza, anaitikia "ndiyo, Bi Abby," na wiki inayofuata mguu wake umenyooka zaidi ya ilivyokuwa. Abby alikuwa akisisitiza kwamba Nia anapaswa kujua dansi alizoziita za kikabila, na kwa msingi huo alimpangia kazi ambazo hakuwapangia wengine. Mfano unaokumbukwa zaidi ni dansi ya peke yake ya msimu wa pili iliyoitwa LaQuifa, iliyotokana na uhusika wa Shangela, mchekeshaji anayeigiza jukwaani akiwa amevaa kama mwanamke. Mama yake, Holly Hatcher-Frazier, mwalimu mwenye shahada ya uzamivu aliyewahi kuwa mkuu wa shule, alieleza wazi kwamba hakuridhika, na alifanya hivyo kwa sentensi zilizopangika na sauti isiyopanda. Nilimheshimu sana kwa hilo. Holly pia alilaumiwa mara nyingi kwa kuwa na kazi, yaani kwa kukosa baadhi ya safari kwa sababu alikuwa na shule ya kuendesha, na lawama hiyo iliniuma kama vile nimetupiwa mimi.

Kipo pia kitu ambacho sikukitarajia. Katika watoto wote wa kundi la mwanzo, Nia ndiye aliyebaki mfululizo hadi mwisho wa msimu wa saba. Waliokuwa wakiwekwa juu yake kila wiki waliondoka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa sababu zake, naye akawa mkongwe wa studio. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, na mwaka 2025 alichapisha kitabu kuhusu miaka hiyo ambacho jina lake limetokana na ile ngazi ya chini ya piramidi.

Ushindani ambao kipindi chenyewe kinataka tuufuate ni ule wa Maddie Ziegler na Chloe Lukasiak. Ni kweli kwamba wote wawili ni wachezaji wazuri mno. Maddie ana wepesi wa kubadilisha uso na mwili kwa pamoja ambao hata mtu asiyejua dansi huuona, na sikushangaa kujua kwamba mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 11, alichaguliwa kucheza katika video ya mwanamuziki Sia. Chloe ana utulivu na mistari mirefu ya mikono inayonikumbusha wachezaji wa zamani. Hata hivyo, kila tulipowaona nje ya jukwaa, kwenye basi au wakisubiri majina yatangazwe, walikuwa wameshikana mikono. Waliokuwa wakishindana kwa uchungu ni Christi, mama wa Chloe, na Melissa, mama wa Maddie, na kati yao alisimama mwalimu aliyekuwa akimpa mmoja dansi ya peke yake na kumnyima mwingine, wiki baada ya wiki, huku kamera zikiwa tayari kupokea matokeo yake. Mwaka 2014 Chloe aliondoka na mama yake baada ya maneno ya Abby kuhusu jicho la Chloe, na episodi hiyo tuliitazama hadi mwisho bila kuzungumza.

Kelly Hyland, mama wa Brooke na Paige, ana historia nyingine inayofaa kufahamika: yeye mwenyewe alifundishwa dansi na Abby alipokuwa mtoto. Kwa hiyo anapogombana naye, unasikia ugomvi wa miaka mingi. Ulifikia kilele jijini New York mwaka 2013, pale walipopigana mbele ya watoto, na Kelly akashtakiwa kwa shambulio kabla ya shtaka hilo kufutwa. Baada ya hapo familia yake iliondoka katika kipindi. Ushauri wangu ni kwamba episodi hiyo mzazi aitazame peke yake. Sauti za watoto wanaolia ndizo zilizobaki masikioni mwangu, na sikuona sababu yoyote ya kumwonyesha binti yangu jambo hilo.

Kuhusu Cathy Nesbitt-Stein, mmiliki wa studio ya Candy Apples ya Canton katika jimbo la Ohio, sina mengi ya kusema. Aliingia msimu wa kwanza kama mama wa mwanafunzi, akatoka, akageuka kuwa mpinzani, na tangu hapo kila anapoonekana ujue kutarushianwa maneno ukumbini. Wengi humfurahia. Mimi nilikuwa nikisogeza mbele.

Ninachotaka walimu wenzangu wakione ni kasi. Watoto hawa hupewa dansi mpya kila wiki, wakajifunza kwa siku chache na kuipeleka mashindanoni mwishoni mwa wiki hiyohiyo. Studio za kawaida za mashindano nchini Marekani haziendi hivyo. Dansi moja hufundishwa kwa miezi na kurudiwa katika mashindano ya msimu mzima, hadi mtoto anaicheza bila kufikiri hatua inayofuata. Kasi ya Dance Moms imetengenezwa na mahitaji ya televisheni, na makosa mengi yanayowashusha watoto kwenye piramidi, kama kusahau hatua au kuyumba wakati wa kuzunguka kwa mguu mmoja, ni makosa ambayo mchezaji yeyote angeyafanya kwa maandalizi ya siku nne. Kikundi changu cha watoto 24 huhitaji karibu muhula mzima ili miguu yote ikanyage pamoja, na wao wanacheza ngoma waliyoizoea nyumbani. Nilipolielewa hili nilianza kuwashangaa wasichana hawa kwa namna nyingine. Hata walipoboronga, walikuwa wamefanya jambo gumu ambalo kipindi hakikutaka tulitambue.

Na hapa ndipo penye lalamiko langu kubwa kuhusu kipindi kama kazi ya televisheni. Katika episodi ya takribani dakika 40, dansi yenyewe hupewa dakika chache, tena iliyokatwakatwa kwa nyuso za mama zao na maneno yaliyorekodiwa kando. Mtoto ananyanyua mguu, kamera inaruka kwa mama anayekunja uso, na inaporudi mguu umeshashuka. Kwa mtu anayependa dansi hili linaumiza sana. Baadhi ya dansi kamili zimetolewa kama video za pekee, na nashauri zitazamwe hizo kwanza.

Lipo pia suala la mavazi na maudhui. Mwaka 2012 episodi moja ya msimu wa pili, iliyowavika watoto mavazi ya rangi ya ngozi yaliyokusudiwa kuonekana kama uchi, ililalamikiwa sana na Lifetime wakaiondoa. Hata baada ya hapo kuna mavazi mengi ambayo mzazi wa kwetu hatayapenda. Nilifurahi kusoma kwamba sheria mpya ya ajira ya watoto ya Pennsylvania, iliyoanza kutumika Januari 2013, iliwajumuisha watoto wa vipindi vya aina hii, kwani kwa misimu miwili nilikuwa nikijiuliza watoto hawa wanasoma saa ngapi.

Misimu ya baadaye ina mvuto mdogo. Wa tano unaleta Los Angeles na JoJo Siwa mwenye sauti kubwa na tepe kubwa za nywele, na binti yangu alimpenda. Wa sita unawaaga Maddie na Mackenzie. Katika wa saba mwalimu mwenyewe anaelekea mahakamani. Mwaka 2017 Abby alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja kwa udanganyifu katika kesi yake ya kufilisika, baada ya kuficha kiasi cha dola 775,000, zikiwemo fedha zilizotokana na kipindi. Msimu wa nane, ulioonyeshwa mwaka 2019, anafundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya saratani na upasuaji wa uti wa mgongo. Nilimwonea huruma ya kweli kwa maradhi yake. Lakini watoto walikuwa wapya, piramidi ikawa ileile, na katikati ya msimu sote wawili tulikosa moyo wa kuendelea. Mwaka 2020, baada ya mmoja wa akina mama wa msimu huo kueleza hadharani maneno ya kibaguzi aliyoambiwa, Abby aliomba radhi na Lifetime wakaachana naye.

Kipindi maalumu cha Mei 2024 kiliwakutanisha sita kati ya wasichana hao wakiwa watu wazima. Kinafaa kutazamwa, hasa kwa kuwasikiliza Brooke na Paige. Nia, Maddie na Mackenzie hawakuwepo, na pengo la Nia nililisikia kuliko mengine yote.

Kwa upande wa matumizi, hakuna maandishi ya Kiswahili chini ya picha, hivyo nililazimika kumtafsiria binti yangu, jambo ambalo lilinipa nafasi ya kusimamisha na kuzungumza naye. Episodi ni zaidi ya 200, na zinamaliza bando upesi. Msichague misimu bila mpangilio, kwa sababu chuki za msimu wa nne hazieleweki bila msimu wa kwanza. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi nasema hapana. Kwa mkubwa kidogo, akiwa na mzazi pembeni, nakipa nyota tatu kati ya tano, na nyota zote tatu nazitoa kwa watoto.

Tunayoirudia zaidi nyumbani ni ile dansi ya kundi kuhusu Rosa Parks, ambamo Nia alipewa nafasi kuu. Binti yangu huikumbuka karibu yote na huicheza sebuleni sambamba na runinga. Inapokwisha, kabla waandaaji hawajaanza kutangaza washindi, yeye mwenyewe huenda kuizima.