Penpal: mstari mmoja, fremu imejibu

Haya wadau, karibuni tena. Leo salamu fupi maana kifua kimejaa.

Fremu (iframe) mnazijua. Una ukurasa wa duka, ndani yake umepachika programu ya malipo ya domeni nyingine. Zinaongea kwa postMessage, njia ya kivinjari ya kutumiana ujumbe, hilo naruka, kila mtu analijua. Tabu yake ni kwamba ukishatuma ujumbe, basi. Umefika? Kimya. Jibu likija, ni la swali lipi? Mimi nimeandika if juu ya if mpaka macho yakavimba.

Sasa tazama Penpal, maktaba ya JavaScript inayoziunganisha pande hizo mbili. Huku kwa mwenyeji, yaani ukurasa wa duka, naweka WindowMessenger, mpeleka ujumbe wake, naipa fremu yangu, kisha connect. Fremu ina fankisheni moja tu, lipa. Ngoja nikuze maandishi, wengine mko kwenye simu. Mnaona? await mtoto.lipa(45000). Basi! Na risiti hiyo imerudi hapo hapo. Sasa naiambia fremu itupe kosa, “Salio halitoshi”. Nabonyeza... hilo! Limetua kwenye catch ya mwenyeji, pale panaponasa makosa, na maneno yake. Narudia, kwa raha zangu tu. Hilo tena!

Mtaniuliza Comlink ya Google Chrome Labs, maktaba ya kazi kama hii. Nzuri, ila sifa yake ni kwenye web worker, yaani kodi inayokimbia pembeni ya ukurasa. Kwa fremu unapitia hatua ya ziada, windowEndpoint, na mimi mvivu. Bei ya Penpal? Bure, leseni ya MIT, kwa hiyo bando lako tu.

Kinachoniudhi, toleo la 7 limebadilisha majina. connectToChild na connectToParent ndiyo kwaheri. Ile video yangu ya zamani msiifuate. Niifute au niiache? Semeni kwenye komenti, na aliyeahidi kusubscribe wiki iliyopita namsubiri.

Halafu nimeisifu mno, kuna hili la allowedOrigins, orodha ya domeni unazoziruhusu. Usipoijaza, inakubali domeni yako mwenyewe tu. Fremu ikitoka kwingine haiungani, na usipoweka timeout, kikomo cha kusubiri, utasubiri mpaka kuche bila kuona kosa lolote. Nusu ya wanaoniandikia “imegoma” wamekwama hapo. Na dawa yao ni ipi? Wanaweka nyota (*)! Nyota ni kuacha mlango wazi, yeyote aingie, tena kwenye malipo. Mimi niliwahi kuiweka “kwa muda”, ikakaa miezi mitatu.

Hebu nishuke chini niwaonyeshe ya leo nilivyo... eh. Haya, ina nyota. Msicheke, naifuta mkiona.