Waipa ya nyuma ya IST ilikuwa inajikokota: uzoefu wangu na fundi umeme wa Tegeta

Nianze na alama kabisa, ili mwenye haraka asimalize bando lake hapa. Fundi nampa nne kwa tano. Dawa ya kopo ya kupuliza kwenye kutu, kwa kazi hii, mbili. Mota nyingine sikununua, na waipa inapiga kazi.

Gari ni Toyota IST ya 2004, lile toleo la kwanza lililoanza 2002. Mnazijua, Dar zimejaa. Yangu inalala nje huku Madale, kiangazi inakula vumbi na masika inaoga tope. Kwa gari lenye nyuma iliyokatika wima namna hii, waipa ya nyuma si pambo. Upepo unaopita juu ya paa ukifika nyuma unajizungusha, unazoa maji machafu ya matairi na kuyabandika kwenye kioo. Gari zenye buti la kutokeza hazisumbuki hivyo, ndiyo maana nyingi hazina waipa huko nyuma. Sisi tukiikosa, kurudi nyuma kwenye mvua ni kubahatisha.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi: waipa inapanda polepole, ikifika juu inasita kama mzee anayetafuta fimbo, halafu inashuka ikitaka. Siku nyingine inakwama katikati ya kioo na kubaki hapo hapo. Ukizima redio unasikia mota inaguna ndani ya mlango wa buti.

Gereji ya kwanza, ya jirani (jina halitawasaidia), fundi hakufungua hata skrubu moja. Alisikiliza tu, akasema, "Dada, hiyo mota imekufa, tafuta nyingine." Akanitajia 80,000 kwa mota iliyotumika, ufundi mbali. Nilipokataa akapuliza dawa ya kutu pale mkono wa waipa unapotokea kwenye mlango. Ikachangamka kweli! Mvua chache baadaye ikarudia tabia yake. Dawa zile ni nyepesi, zinafukuza maji na kulegeza kutu, lakini hazikai mahali panapozunguka huku pakipigwa na mvua na jua. Alama mbili nimezitoa kwa sababu moja: ukipuliza na waipa ikachangamka, umeshajua mota ni nzima, kuna kitu kinaibana. Fundi yule alikuwa na jibu mkononi na bado akanisisitizia ninunue mota. Sijui kama ni haraka au kuna duka analopeleka wateja.

Huyu wa Tegeta nilielekezwa na jirani. Kilichonivutia ni mpangilio wake wa kazi. Hakukimbilia spana. Alinyanyua mkono wa waipa ukaachana na kioo, akaniambia, "Washa, dada." Bado ilijikokota, basi raba haina kosa. Akafungua plastiki ya ndani ya mlango, akatoa mita, akachomeka ncha zake nyuma ya plagi ya mota huku mota ikifanya kazi na injini ikinguruma. Nikamuuliza kwa nini asichomoe plagi apime vizuri. "Ukiichomoa utaona volti zote zimetimia, hata kama ndani ya waya umebaki uzi mmoja. Umeme unapimwa ukiwa na mzigo." Mita ikasoma volti 13 na ushee, yaani umeme unafika vizuri. Ingeshuka sana, alisema, angeenda kwenye ule mpira wa bawaba ambamo waya zinapita, kwa sababu zinakunjwa kila unapofungua buti mpaka zinakatika ndani ya ganda bila kuonekana nje. Au angekagua waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi kurudisha umeme. Dalili za ugonjwa huo ni kwamba taa ya namba nayo inaanza kuzingua, au waipa inabadilisha mwendo ukiutikisa mlango. Kwangu hayo hayakuwepo.

Kutoa mkono wa waipa ndipo palipoleta kazi. Kwanza alibandika utepe kwenye kioo kuonyesha raba inapolala, akafungua nati kwa spana namba 10, na mkono ukagoma kutoka. Dogo wake akanyanyua nyundo. Alikemewa mpaka na mimi nikajisikia vibaya, ila fundi alikuwa sahihi. Kioo cha mbele kina tabaka la plastiki katikati, kikipata ufa kinajishikilia. Cha nyuma kikipigwa vibaya kinamwagika chote vipande vidogo vidogo. Akautikisa mkono kulia na kushoto taratibu hadi ukaachia.

Mota ikatoka, ikafunguliwa kifuniko cha gia, na ile fimbo ya ndani inayoisukuma shafti ikaachanishwa. Akanipa niizungushe shafti kwa vidole. Haikusogea hata kidogo. Shafti ni ya chuma, shingo inamopita ni ya alumini, na kile kipete cha mpira cha kuzuia maji kilikuwa kimekauka na kupasuka. Maji yakiingia kati ya chuma na alumini, alumini ndiyo inayoliwa, inatoa unga mweupe unaojaa na kuikaba shafti. Grisi ya kiwandani ilikuwa imegeuka gundi ya kahawia. Ilibidi iloweshwe na ile ile dawa ya kopo, kisha igongwe kidogo kidogo juu ya kipande cha ubao mpaka ikachomoka. Ikasuguliwa kwa msasa laini wa maji, shingo ikasafishwa, ikapakwa grisi nzito nyeupe ya lithiamu, ikawekwa oringi mpya, yaani kile kipete cha mpira. Aliporudisha, niliizungusha kwa kidole kimoja.

Alinionyesha pia gia za plastiki, meno yote yapo. Yangekuwa yamelika, hapo kweli ningetafuta mota. Ushauri wake kwa atakayefika huko: nenda kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, hapa Dar, na mota yako ya zamani mkononi, kwa kuwa plagi na matundu ya bolti hutofautiana, na muuzaji aijaribu kwenye betri mbele yako kabla hujatoa hela. Oili ya injini usipake kabisa. Inachuruzika kwenye kioo na kukusanya vumbi.

Nililipa 35,000, grisi na oringi humo humo. Raba ya waipa nilinunua mwenyewe.

Alama moja nimemkata kwa mambo mawili. Aliniahidi saa moja, ile saa ya mafundi. Jua lilizama nikiwa nimekaa kwenye tairi lake. Na klipu za plastiki ya mlango zilivunjika wakati wa kufungua, sasa kila nikiingia barabara ya vumbi mlango wa nyuma unapiga kelele. Nilipomwambia akacheka, "Gari ya zamani hiyo, dada, kawaida." Si kawaida, fundi. Klipu ni vitu vya bei ndogo, anayefungua milango kila siku anapaswa kuwa nazo kwenye boksi lake.

Masika haya nimeshaijaribu Bagamoyo Road kwenye mvua ya kupofua. Inapanda na kushuka bila kuguna, hata anayekaa kiti cha nyuma haisikii. Ukitaka kwenda kwake, wahi asubuhi maana foleni yake ni ndefu, na zile klipu beba za kwako.