Lenzi ya Canon ya milimita 100 kwa maua na wadudu

Lenzi ya Canon EF 100mm f/2.8L Macro, iliyoingia sokoni mwaka 2009, ndiyo ninayoichukua kila niendapo kupiga picha katika bustani za umma, ambako kusimika kamera kwenye miguu mitatu huwazibia njia wapitao. Ina uzito wa gramu 625, hivyo mkono hauchoki upesi. Humtoa mdudu kwa ukubwa wake halisi kwenye kihisi cha kamera, na kitulizaji chake hukabili mtikisiko wa kuinama na ule wa kusogea kando. Hata hivyo, kadiri unavyolikaribia ua ndivyo nguvu yake inavyopungua, na mbele ya upepo hakifui dafu.

Katika ukaribu huo, hata nikibana tundu la lenzi hadi f/11 ili sehemu kubwa zaidi ionekane wazi, macho ya nyuki huonekana wazi huku ncha za mabawa zikififia. Mimi huzima fokasi ya otomatiki, nikabana viwiko mbavuni, kisha nikasogea mbele taratibu nikipiga picha mfululizo. Kati ya kumi, ikipatikana moja inayoonyesha chembe za chavua miguuni mwake, nimeridhika. Kikinga mwanga chake kirefu nakivua, kwani hulitia ua kivuli na kumshtua kipepeo.