Bilstein B12 Pro-Kit: Seti ya Kushusha Gari Iliyoanzia kwenye Shokomzoba

Wengi wanaotaka kushusha gari huanza kwa kuuliza litashuka sentimita ngapi, na wauzaji wa vipuri huwajibu kwa namba hiyo tu. Kwa maoni yangu swali la kwanza lingekuwa hili: gari likishashuka, shokomzoba itabakiwa na nafasi kiasi gani ya kucheza? Seti ya B12 Pro-Kit, ambayo nimeifunga kwenye Volkswagen Golf ya kizazi cha 6, imeundwa kwa kulizingatia swali hilo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipendekeza.

Seti hii inaunganisha kazi ya kampuni mbili za Ujerumani. Springi zinatoka Eibach, na shokomzoba ni za aina ya B8 kutoka Bilstein. Kwa magari mengi bodi hushuka takriban milimita 30. Anayetaka tairi lizame ndani ya madigadi hataridhika na kiwango hicho, lakini ndicho kinachoiacha gari ikiendelea kuwa chombo cha safari.

Umuhimu wa B8 unaonekana vizuri ukifikiria kinachotokea springi fupi zinapofungwa juu ya shokomzoba za kiwandani. Gari likisimama tu, fimbo ya shokomzoba tayari imezama zaidi ya ilivyokusudiwa, kwa hiyo shimo la kawaida linatosha kuifikisha kwenye mpira wa kuzuia, na dereva huhisi kishindo ambacho wengi hudhani ni ugumu wa springi. Gurudumu linaponing'inia hewani, kwa upande mwingine, fimbo ndefu hurefuka kupita springi, na springi inaweza kulegea kwenye kiti chake. Tena springi iliyofupishwa lazima iwe ngumu kuliko ya awali, kwa kuwa ina masafa mafupi ya kuzuia uzito uleule, na shokomzoba iliyopimwa kwa springi laini haina nguvu ya kuituliza inaporudi juu. Fimbo ya B8 ni fupi zaidi, na nguvu yake ya kuzuia imepangwa kwa springi za namna hii, kwa hiyo kasoro zote hizo zinashughulikiwa kwa pamoja badala ya kuachiwa mmiliki azigundue mwenyewe barabarani.

Ndani yake, B8 ni shokomzoba ya mrija mmoja yenye gesi ya shinikizo, aina ambayo Bilstein iliianzisha kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Pistoni inayoelea hutenganisha mafuta na gesi, hivyo mafuta hayafanyi povu hata shokomzoba inapofanya kazi kwa kasi katika barabara mbovu, na nguvu yake haififii safari inavyozidi kuwa ndefu.

Barabarani, tofauti ya kwanza huonekana kwenye kona. Bodi hailali kwa kuchelewa halafu ikarudi kwa kuyumba. Huinama kidogo, ikatulia hapo, na usukani ukabaki na uzito uleule hadi mwisho wa kona. Kwenye barabara kuu gari hupita juu ya mawimbi ya lami kwa mwendo mmoja wa kupanda na kushuka, bila mtikisiko wa ziada. Katika mwendo wa polepole, nyufa na viraka vya lami huhisiwa waziwazi kuliko zamani. Hiyo ni tabia ya springi ngumu na gesi yenye shinikizo, na anayebeba abiria wazee au wagonjwa mara kwa mara aifikirie kabla hajanunua.

Kuna jambo la umbo la sasipensheni ambalo halizungumzwi vya kutosha. Golf, kama magari mengi yanayoendeshwa na magurudumu ya mbele, hutumia kwa mbele mfumo wa MacPherson, ambao shokomzoba ndiyo nguzo inayoshika gurudumu kwa juu, na mkono wake wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na bodi, hukaa karibu sambamba na ardhi gari likiwa katika kimo chake cha kawaida. Bodi ikishuka, ncha ya nje ya mkono huo huinuka kuliko ya ndani, na kitovu ambacho bodi huinamia kwenye kona hushuka kwa kasi kubwa kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya vitovu hivyo viwili ndio wenzo unaoilaza gari, kwa hiyo gari lililoshushwa kupita kiasi linaweza kuwa na hamu kubwa zaidi ya kulala kwenye kona, ingawa liko chini zaidi, na springi zikalazimika kuwa ngumu mno ili kuficha hilo. Kwa hesabu hiyo, milimita 30 si woga wa mtengenezaji. Ni kiwango ambacho ugumu wa springi bado unaweza kufidia.

Ufungaji unahitaji fundi mwenye subira. Bolti ambazo mtengenezaji wa gari ameagiza zisitumike mara mbili zibadilishwe, na beringi za juu za shokomzoba za mbele zibadilishwe kazi ikiwa bado wazi. Bolti za mikono yenye bushi za mpira zikazwe gari likiwa limebeba uzito wake katika kimo kipya. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, bushi hukaa zimejipinda muda wote na kuchanika mapema. Baadaye alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, ipimwe, kwa sababu magurudumu huinama kuelekea ndani na mwelekeo wao hubadilika, na mwelekeo uliopotoka hula tairi upande wa ndani ambako jicho halifiki kwa urahisi. Taa za mbele nazo zielekezwe upya.

Upungufu wa seti ni kwamba haina marekebisho yoyote, ya kimo wala ya ugumu. Koilova, yaani seti ya springi na shokomzoba ambayo kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha nati, hutoa uhuru huo, lakini huhitaji mtu anayejua kuutumia, na nyuzi za skrubu zake hudai usafi wa kudumu. Kukata springi za kiwandani nisingemshauri yeyote, kwani mzunguko uliokatwa haukai sawasawa kwenye kiti, na shokomzoba inabaki ndefu ileile.

Kabla ya kuagiza, soma uzito unaoruhusiwa kwenye ekseli ya mbele katika kibandiko cha gari au hati zake, uulinganishe na namba ya seti. Gari la modeli moja lenye injini ya dizeli na lenye injini ndogo ya petroli yanaweza kuhitaji springi tofauti, na springi ya gari jepesi ikifungwa kwenye gari zito, kimo kitashuka kuliko ilivyokusudiwa na ile nafasi ya shokomzoba uliyoilipia itapotea.