Matembezi ya mlangoni mwa Sabaki: mwongozaji hodari, saa mbovu

Wengi wetu wa Malindi tunaujua Mto Sabaki kwa wekundu wa maji yake na kwa daraja tunalolivuka tukielekea Lamu, lakini pale unapoingia baharini hatufiki. Mwezi wa Agosti nililipia matembezi ya miguu ya mahali hapo kupitia wakala mmoja wa mjini, na malalamiko yangu yote ni juu yake.

Siku ilikuwa ya bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, naye akatupangia saa tatu asubuhi, wakati ambao maji yanaendelea kupwa. Tulipofika ndege walikuwa wametawanyika mbali matopeni, hata heroe kwa darubini walionekana kama vitone vyeupe. Kijana mwongozaji, mzaliwa wa hapo, alituambia bila kuficha kwamba tungesubiri alasiri, bahari inaporudi na kuwasogeza ndege ukingoni, na akakubali kubaki nasi bila kudai nyongeza.

Subira ile haikutuchosha. Alitupitisha kwenye michu, aina ya mikoko, akatulambisha jani lake tuonje chumvi ambayo mti huu huitoa kwa majani, kisha akatuzungusha mbali na matete kwa sababu viboko hupumzika humo mchana. Nilimuuliza mbona bahari ya mjini haikuwa nyekundu sana siku zile. Alieleza kwamba udongo huo huletwa na mto kutoka bara, ambako unaitwa Athi na kisha Galana; wakati wa upepo wa kusi mkondo huusukuma kaskazini, upande wa Mambrui, na kaskazi ikivuma huurudisha kusini, mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari. Nimeishi hapa miaka mingi na sikuwahi kuelezwa jambo hili kwa uwazi namna hiyo.

Kuanzia saa tisa maji yalipanda kwa kasi, na vitwitwi, membe na shakwe wakabanana kwenye fungu la mchanga lililobaki. Miongoni mwao walikuwamo wageni niliowafuata hasa, ndege wadogo wa hudhurungi wanaozaliana Madagaska na kuja pwani yetu majira ya kusi, ambao wakiruka utadhani ni mbayuwayu.

Kwa mwongozaji natoa nyota tano, kwa wakala mbili. Atakayekwenda aulize kwanza maji yanajaa saa ngapi, na achukue kofia na maji ya kunywa, kwa kuwa mchangani hakuna kivuli wala duka.